Mizani, kalenda na mkeka: njia ya mwanamieleka wa mtindo huru kutoka Nairobi

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba binti wa jirani yake anacheza mieleka, naye atauliza kama huwa anaruka kutoka juu ya kamba. Ile ya runinga ni maigizo. Mshindi hujulikana kabla kengele haijalia. Mieleka ya mtindo huru, ambayo huchezwa Olimpiki, haina kamba, haina ngumi, wala hairuhusu kumkaba mtu koo. Ni wachezaji wawili wa uzani mmoja juu ya mkeka wenye duara la kipenyo cha mita 9, kila mmoja akitafuta kumwangusha mwenzake na kumlaza chali mpaka mabega yote mawili yaguse. Katika mtindo wa pili wa Olimpiki, ule wa Kigiriki na Kirumi, miguu haishikwi wala haitumiki kushambulia. Katika mtindo huru mwili mzima ni halali, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mchezo ni vita vya kuifikia miguu ya mpinzani.

Hapa kwetu kuna swali linalorudi kila mara: inakuwaje mtu awe bingwa wa taifa miaka mitano mfululizo na asikanyage mkeka wa Olimpiki hata siku moja? Jibu la haraka huwa ni pesa, na pesa kweli ni tatizo. Lakini ukifuatilia safari ya mchezaji mmoja mmoja utaona kwamba wengi hukwama kwenye mizani na kalenda kabla pesa haijawakwamisha. Walichagua uzani usiokuwa na nafasi Olimpiki, au walifika kwenye shindano la kufuzu bila kujua kwamba shaba siku hiyo haina thamani. Mambo hayo hupangwa mapema, tena kwa hesabu.

Alama zinavyopatikana

Pambano la watu wazima lina vipindi viwili vya dakika 3, na mapumziko ya sekunde 30 katikati. Alama za vipindi vyote hujumlishwa. Ukimwangusha mpinzani na kumdhibiti kutoka juu au nyuma yake, unapata 2. Ukimgeuza mgongo ukaelekea mkeka, 2 nyingine. Ukimbwaga kutoka wima akaanguka moja kwa moja mgongo ukiwa chini, ni 4. Na ukimnyanyua akapaa na kuchora duara kubwa hewani, ni 5. Mguu wake ukikanyaga nje ya eneo la kucheza, unapata 1. Aliyekuwa chini akijipindua na kuwa juu hupata 1. Tofauti ikifika alama 10, pambano limekwisha. Mabega yote mawili yakilazwa na kushikiliwa, limekwisha pia, hata kama aliyelaza alikuwa nyuma kwa 0 dhidi ya 9.

Mchezaji mpya hudhani hatari kubwa ni kubwagwa. Hatari halisi inakuja sekunde chache baada ya kuangushwa. Mpinzani aliyekwisha kupata 2 huteremka kwenye vifundo vya miguu yako, huvipishanisha kimoja juu ya kingine, huvibana kwenye kwapa au kifua chake, kisha hujiviringisha nawe. Kila mzunguko ni 2. Mara nne zinatosha: 2 za kuangushwa na 8 za kuviringishwa ni 10, na pambano linaweza kuisha kabla dakika ya kwanza haijatimia. Kinga yake ni rahisi kuisema na ngumu kuifanya ukiwa umechoka: ukishaanguka tu, panua miguu kabla hajaipishanisha, bandika nyonga kwenye mkeka, na usikunje magoti ukijaribu kusimama kwa pupa. Kocha anayetumia saa nzima kufundisha kuangusha bila hata dakika 15 za kujilinda ukiwa chini anamtuma mtoto wa watu kwenda kupigwa 10 kwa 0.

Kuingia miguuni kwenyewe kuna mpangilio. Magoti yanakunjwa kwanza, kichwa kinabaki juu na macho mbele. Mguu wa mbele unakanyaga katikati ya miguu ya mpinzani, goti linagusa mkeka na kupita, na mikono hufika mwisho. Makosa mawili huharibu kila kitu. La kwanza ni kunyoosha mikono kabla ya miguu kufika: unabaki umeinama kama mtu anayeokota kitu, mpinzani anatupa miguu yake nyuma, anakulalia mabegani, anazunguka nyuma yako na kuchukua 2. La pili ni kuinamisha kichwa, na hapo shingo yako inashikwa pamoja na mkono mmoja. Jordan Burroughs wa Marekani, bingwa wa London 2012 na bingwa wa dunia mara 6, alilifanya shambulio hilo, la kukamata miguu yote miwili ya mpinzani, kuwa silaha yake kuu kwa zaidi ya miaka kumi, na wapinzani wote walijua inakuja. Kilichowashinda ni kwamba alibadilisha kimo chake na kupiga hatua kwa wakati mmoja, bila kuonyesha dalili.

Kuna kanuni mbili ambazo mchezaji wa kimataifa asipozijua atapoteza mapambano aliyoweza kushinda. Alama zikilingana hakuna muda wa nyongeza. Kwanza huangaliwa nani ana tendo la thamani kubwa zaidi, kisha nani ana maonyo machache, na mwisho nani alipata alama ya mwisho. Kwa hiyo 3 kwa 3, mmoja akiwa na 2 na 1 na mwenzake akiwa na 1 tatu za kusukuma nje, mshindi ni yule mwenye 2. Mchezaji aliye nyuma kwa kanuni hiyo zikiwa zimebaki sekunde 40 lazima ajue kwamba analazimika kushambulia, ingawa ubao unaonyesha sare. Fainali ya kilo 86 huko Tokyo mwaka 2021 iliamuliwa sekunde za mwisho: David Taylor wa Marekani alimwangusha Hassan Yazdani wa Iran na kushinda 4 kwa 3.

Kanuni ya pili inahusu uzembe, yaani kukataa kushambulia. Mara ya kwanza refa anakuonya kwa mdomo. Ukirudia, unapewa sekunde 30 za kupata alama; usipopata, na mpinzani naye asipopata, yeye anaongezewa 1. Na kama dakika 2 za mwanzo zimepita bila mtu kupata chochote, refa hana hiari: lazima amteue mmoja wenu. Mchezaji anayesubiri mpinzani akosee, mtindo unaofaa nyumbani dhidi ya wageni wa mchezo, hugeuka kuwa mtu wa kutoa alama za bure akifika ugenini.

Kocha naye ana haki ya kupinga uamuzi na kuomba video itazamwe. Akishindwa, mpinzani anapewa 1 na haki hiyo imekwisha kwa pambano hilo. Kwa hiyo hupingi kwa hasira.

Uzani: uamuzi mkubwa kuliko yote

Kwa wanaume wazima, mtindo huru una uzani 10 kwenye mashindano ya dunia: kilo 57, 61, 65, 70, 74, 79, 86, 92, 97 na 125. Wanawake nao wana 10: 50, 53, 55, 57, 59, 62, 65, 68, 72 na 76. Lakini Olimpiki ya Paris 2024 ilikuwa na 6 tu kwa kila upande: 57, 65, 74, 86, 97 na 125 kwa wanaume, 50, 53, 57, 62, 68 na 76 kwa wanawake. Huo ndio mtego. Kijana wa kilo 70 anaweza kuwa bingwa wa Kenya, akaenda mashindano ya Afrika na hata ya dunia katika uzani wake, kisha mwaka wa Olimpiki ukifika akakuta uzani wake haupo.

Tumchukue mchezaji anayeamka asubuhi akiwa na kilo 72.5, ameshiba vizuri jana yake na hana kiu. Kufika 70 anahitaji kutoa kilo 2.5, kazi ndogo. Kufika 65 anahitaji kutoa 7.5, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Akipanda 74 hahitaji kutoa chochote, ila atakutana na watu wanaotembea na kilo 78 au 79 na kushuka siku ya shindano. Hakuna jibu moja kwa kila mtu, lakini kuna kipimo kinachofaa: wiki 8 kabla ya shindano, uzani wako wa asubuhi usizidi asilimia 5 juu ya uzani unaoshindania. Kwa 65 hiyo ni kilo 68.25. Kama kushuka hadi hapo kunamlazimu kupoteza misuli, basi uzani wake ni 74, na miaka miwili ijayo ni ya kuongeza nguvu na nyama, siyo ya kufunga kula. Uamuzi huo ufanywe mwaka wa kwanza baada ya Olimpiki, kwa sababu misuli ya kilo 4 au 5 haijengwi miezi mitatu kabla ya kufuzu.

Ukali wa mizani umeongezeka tangu 2018. Zamani wachezaji walipimwa jioni iliyotangulia, wakapata usiku mzima wa kula na kunywa. Sasa kila uzani unachezwa kwa siku mbili, na kupimwa ni asubuhi ya siku yenyewe. Anayefika fainali, au anayepata nafasi ya pili ya kugombea shaba, hupimwa tena asubuhi ya siku ya pili, na mara hiyo dirisha ni la dakika 15. Unapimwa ukiwa na vazi la kuchezea, na vazi hilo halipunguziwi uzito. Baadhi ya mashindano ya mwaliko huruhusu kilo 2 zaidi. Olimpiki na mashindano ya dunia hayaruhusu hata gramu moja.

Tarehe 6 Agosti 2024, Vinesh Phogat wa India alishinda mapambano matatu katika kilo 50 huko Paris. La kwanza lilikuwa dhidi ya Yui Susaki wa Japani, bingwa wa Tokyo ambaye hakuwa amewahi kushindwa na mchezaji wa nje ya nchi yake. Asubuhi iliyofuata, siku ya fainali, alizidi kwa gramu 100. Alikuwa amekimbia, ameketi kwenye chumba cha mvuke, na nywele zake zikakatwa, bila mafanikio. Kanuni inasema asiyefikia uzani siku ya pili huwekwa wa mwisho, kwa hiyo hakupata hata fedha. Mahakama ya usuluhishi wa michezo ilikataa rufaa yake. Rei Higuchi wa Japani naye alizidi gramu 50 kwenye shindano la Asia la kufuzu mwaka 2021 akakosa Tokyo. Miaka mitatu baadaye akatwaa dhahabu ya kilo 57 huko Paris. Gramu 50 ni maji ya vijiko vikubwa vitatu na kidogo.

Hivi ndivyo kazi hiyo inavyofanywa bila kumharibu mchezaji. Kutoka wiki ya 8 hadi ya 2, punguza chakula taratibu, nusu kilo kwa wiki, bila kugusa mayai, samaki, nyama na maharagwe yanayolinda misuli. Siku 4 au 5 za mwisho, ondoa vyakula vyenye nyuzi nyingi. Hapa wengi hushangaa: sukuma wiki, githeri, ndengu na maharagwe, vyakula tunavyoviita bora, hukaa tumboni na kubeba maji. Kula wali mweupe, ugali wa unga uliokobolewa kwa kiasi, mayai na samaki, na tumbo lenyewe litapunguza kati ya nusu kilo na kilo moja bila jasho. Punguza chumvi pia. Jioni ya mwisho, jasho lisizidi asilimia 2 ya mwili: kwa mtu wa kilo 65, kilo 1.3 basi. Usiku ukilala utapoteza takriban nusu kilo kwa pumzi na mkojo, kwa hiyo unaweza kuingia kitandani ukiwa na gramu 400 za ziada bila kuhofu, mradi umeujua mwili wako kwa kujipima usiku na asubuhi wiki kadhaa kabla.

Baada ya mizani una saa chache tu kabla ya pambano la kwanza. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bila kurundika: hicho ndicho kinywaji, na unakunywa kidogo kidogo, kama glasi moja kila dakika 15. Mkate mweupe wenye jamu, ndizi mbivu, wali. Acha chapati, chipsi na maziwa mpaka jioni, kwa sababu mafuta hukaa tumboni na utaingia mkekani na kichefuchefu.

Kosa la siku ya pili hufanyika jioni ya siku ya kwanza. Mtu ameshinda nusu fainali, ana kiu ya siku nzima, watu wanampongeza, anakunywa na kula mpaka anapanda kilo 3. Kocha makini humpandisha mizani mara tu anapotoka mkekani, huandika nambari, na huhesabu: ukiwa kilo 1.2 juu, usiku utatoa nusu kilo, mazoezi mepesi asubuhi yatatoa 0.4, basi chakula na maji ya jioni hii visizidi kiasi fulani. Beba mizani yako ya dijiti kutoka nyumbani, na ukifika ilinganishe na ile rasmi ya kujipimia. Safari ndefu ya ndege huvimbisha miguu na kuongeza uzito kwa siku moja au mbili. Fika mapema ili usije ukahangaika bure.

Kukaa kwenye mvuke ukiwa umevaa nguo za plastiki ni kucheza na moyo na figo. Mwaka 1997, ndani ya wiki chache, wanafunzi watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakijaribu kushusha uzani kwa njia hizo, na vyuo vikapiga marufuku vyumba vya joto na mavazi ya mpira. Na mtoto wa chini ya miaka 17 asishushwe uzani hata kidogo. Anakua, mwache acheze na uzani alio nao.

Kalenda na tiketi

Tiketi ya Olimpiki ni ya nchi. Kamati ya Olimpiki ya nchi ndiyo huamua nani aitumie. Kwa Paris 2024 kila uzani ulikuwa na wachezaji 16. Watano walitoka mashindano ya dunia ya 2023. Wanane walitoka mashindano ya kufuzu ya kanda nne, wawili kila kanda, na Afrika iliwekwa pamoja na Oseania, shindano likafanyika Alexandria, Misri, Machi 2024. Watatu wa mwisho walitoka shindano la dunia la kufuzu huko Istanbul mwezi Mei.

Soma tena hesabu ya kanda: wawili. Wa tatu Afrika anarudi nyumbani. Kwa hiyo pambano la maisha yako ni nusu fainali, na upo uwezekano mkubwa mpinzani ni Mmisri, Mtunisia, Mwaljeria au Mnigeria mwenye mapambano mengi ya kimataifa kuliko wewe. Mchezaji anayekwenda hapo kwa mara yake ya kwanza nje ya Afrika Mashariki amechelewa. Anahitaji kuwa amecheza mashindano ya Afrika ya kila mwaka angalau mara mbili au tatu, ajue mshiko wa wale watu na kasi yao.

Kwa Wakenya, mlango uliokuwa karibu zaidi ni Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako Iran, Urusi na Japani hazipo. Lakini mieleka haimo katika orodha iliyofupishwa ya michezo 10 ya Glasgow 2026. Hasara hiyo ni kubwa na haizungumzwi vya kutosha: serikali na wadhamini wengi hupima chama cha mchezo kwa michezo hiyo. Imebaki Michezo ya Afrika, ubingwa wa Afrika na wa dunia. Hata ubingwa wa dunia una kasoro ya kalenda, kwa kuwa mwaka wa Olimpiki huchezwa uzani usio wa Olimpiki peke yake, kama ilivyokuwa Tirana mwishoni mwa Oktoba 2024. Kwa yule kijana wa kilo 70 tuliyemtaja, huo ndio mwaka wake, na ni heri autumie kuliko kujishurutisha kushuka 65.

Makaratasi nayo huangusha watu. Shirikisho la dunia, UWW, humtaka kila mchezaji awe na leseni ya mwaka, na jina lake huingizwa mtandaoni na chama cha nchi yake. Mchezaji hawezi kujisajili mwenyewe. Ukigombana na chama, au chama kikigombana chenyewe kwa chenyewe, jina haliingii. Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda mahakama ya migogoro ya michezo kwa ajili ya mambo kama hayo, lakini shauri huchukua muda na tarehe ya mwisho ya usajili haingoji. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi 6 iliyobaki. Usiende Nyayo House wiki ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja nayo. Viza za Ulaya ziombwe wiki nyingi kabla.

Wa kushikana naye

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mapafu ya wachezaji wetu si haba. Kinachokosekana ni watu wa kushikana nao. Mwanamieleka hukua kwa kukabiliana na mtu wa uzani wake anayempinga kwa nguvu zote, na mtu huyo awe zaidi ya mmoja, maana ukishamzoea mwenzako mnaanza kucheza ngoma mnayoijua wote. Katika vilabu vya Iran au vya Dagestan huko Urusi, kijana hupata wapinzani wa uzani wake wengi katika chumba kimoja. Kwetu, bingwa wa kilo 97 anaweza kukaa mwezi mzima akishikana na mtu wa 86 na mwingine wa 125.

Yapo mambo ya kufanya. Vilabu vya mji mmoja vikutane siku moja kwa wiki, hata kama ni mahasimu, na siku hiyo iwe ya mapambano matupu: raundi 6 za dakika 3, kila raundi na mtu mpya, mapumziko ya sekunde 30. Wachezaji wa judo waalikwe. Mshiko wao ni tofauti, lakini mibwago yao inafundisha. Kisha, angalau mara moja kwa mwaka, wiki tatu za kambi katika nchi yenye chumba kilichojaa. Kambi hiyo ina thamani kuliko mashindano matatu madogo, kwa sababu kwenye shindano unaweza kusafiri saa 12 kucheza dakika 2. Kamati za Olimpiki za nchi zinaweza kuomba ufadhili wa wachezaji kupitia mpango wa Mshikamano wa Olimpiki, na maombi yake yanahitaji matokeo yaliyoandikwa. Weka kumbukumbu ya kila pambano: tarehe, mpinzani, alama, ulivyozipata na ulivyozipoteza.

Waafrika wamefika. Marwa Amri wa Tunisia alipata shaba ya kilo 58 huko Rio 2016, Mwafrika wa kwanza mwanamke kupata medali ya mieleka katika Olimpiki. Blessing Oborududu wa Nigeria alichukua fedha ya kilo 68 huko Tokyo akiwa na miaka 32, baada ya kuwa bingwa wa Afrika mara zisizopungua 10. Umri huo ni muhimu: mchezo huu humlipa anayebaki. Daniel Igali alikwenda Kanada mwaka 1994 na timu ya Nigeria, akabaki huko, akawa bingwa wa dunia 1999 na wa Olimpiki Sydney 2000 kwa bendera ya Kanada. Kilichobadilika kwake ni chumba cha mazoezi. Kipaji alikwenda nacho kutoka Bayelsa.

Ngozi, masikio, magoti

Kabla ya mizani daktari hukagua ngozi, na mwenye mashilingi (fangasi ya ngozi), majipu au malengelenge yanayoambukiza anaweza kuzuiwa kucheza. Miezi ya maandalizi imepotea kwa ugonjwa ambao dawa ya kupaka ingeuponya kwa wiki chache. Mkeka upigwe deki kila siku kabla ya mazoezi kwa maji yenye klorini ya kufulia, takriban mililita 100 kwa lita 5, uachwe kwa dakika 10 unyevu ukiwa juu yake, kisha ukauke. Usichanganye klorini na sabuni ya choo wala kemikali nyingine. Mvuke wake ni sumu. Viatu vya mkekani visikanyage choo wala barabara. Kucha zikatwe, na kila mtu aje na taulo lake.

Sikio likivimba na kujaa damu, damu hiyo itolewe na daktari ndani ya siku mbili au tatu na sikio lifungwe libanwe; likiachwa linaganda na kubaki hivyo maisha yote. Goti ni jambo zito zaidi. Mguu ulioshikwa huku mwili ukizunguka ndiyo njia ya kawaida ya kuchana mshipa au gegedu, na mchezaji anayekazana kutotoa 2 ndiye huumia. Kocha amfundishe wazi: mguu ukishapinda upande usio wake, toa alama.

Pufya

Sheria dhidi ya pufya, yaani dawa zilizopigwa marufuku michezoni, ni kali, na inakuhukumu kwa kilichokutwa mwilini hata kama hukujua. Hatari kubwa ya mwanamieleka iko kwenye duka la dawa la mtaani: vidonge vya kukojoza, ambavyo watu hununua kushusha uzani, vimepigwa marufuku wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Chai za mitishamba za kupunguza mwili ni vivyo hivyo, kwa sababu hakuna ajuaye kilichomo. Maji ya kuwekwa kwa sindano mshipani zaidi ya mililita 100 kwa saa 12 ni kosa pia, isipokuwa hospitalini kwa matibabu halali au kwa kibali. Aliyewekwa katika orodha ya kupimwa lazima aonyeshe kila siku mahali atakapokuwa kwa dakika 60; akikosekana au kukosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12, anaweza kufungiwa. ADAK, shirika la Kenya la kupambana na pufya, hutoa mafunzo ya mambo haya. Hudhuria na mzazi au mke wako, maana wao ndio watakaokununulia dawa ya mafua.

Mshahara

Mtindo huru haumlishi mchezaji wa Kenya peke yake. Waliodumu wengi wamedumu kwa kuajiriwa na vikosi, hasa Magereza na Polisi, ambavyo humpa mtu mshahara, bima na saa za mazoezi. Ni njia ya heshima, ingawa uhamisho wa kikazi unaweza kumpeleka mchezaji kituo kisicho na mkeka. Nje ya nchi, vilabu vya ligi ya Ujerumani huchukua wageni kwa msimu wa vuli na baridi na hulipa kwa pambano. Kwa wasichana kuna vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili wa masomo, na wanawake huko hucheza mtindo huru huu huu; wavulana watakuta kanuni za vyuo, ambazo ni mchezo mwingine karibu nusu.

Anayestaafu huvua viatu vyake na kuviacha katikati ya mkeka, kama alivyofanya Mijaín López wa Cuba huko Paris baada ya dhahabu yake ya tano mfululizo katika mtindo wa Kigiriki na Kirumi. Baada ya viatu, kazi zilizopo ni ukocha na urefa. Marefa wa UWW hupanda kutoka daraja la tatu, la pili, la kwanza, hadi lile la juu linaloruhusiwa kuchezesha Olimpiki. Mtu huanza kusomea urefa angali anacheza: akikaa mezani kwenye mashindano ya vijana mara nne kwa mwaka kuandika alama, hujifunza ni lini hasa refa hunyanyua vidole viwili na ni lini hunyanyua vinne, na atakaporudi mkekani mwenyewe atajua anapigania nini.